Kilo Tisa za Upande wa Kushoto

"Usitikisike, shemeji," fundi alisema kwa mara ya tano, na Ramani, ambaye hakuwa ametikisika tangu alipoambiwa mara ya kwanza, akajiuliza kama kupumua nako kunahesabiwa.

Alikuwa amefungwa. Neno lenyewe ndilo hilo, wala tusilipambe. Kiti cha kushoto cha gari la mumewe kilikuwa chembamba, kikambana mbavu huku na huku. Mikanda miwili ilimshuka mabegani, miwili ikamzunguka nyonga, wa tano ukapanda katikati ya miguu, na yote ikakutana kitovuni kwenye kifungo kikubwa kama kisosi. Mlangoni hapakuwa na kitasa. Mumewe alikuwa ameving'oa vitasa vya ndani pamoja na redio, zulia, kiti cha nyuma na kila kilichofanya gari liitwe gari, ili kupunguza uzito, na mahali pake akafunga vitanzi vya kamba. Cha upande wa kulia kilikuwepo. Cha kushoto kilikatika miezi miwili iliyopita, na kila akikumbushwa alisema, "Kesho, mama, kesho nakifunga." Kwa hiyo Ramani alitoka garini pale tu mtu alipomfungulia kwa nje.

Ramani si jina alilopewa na wazazi. Walimbandika jina hilo watu wa mbio za magari, kwa sababu kazi yake ilikuwa kumsomea mumewe barabara kutoka kwenye daftari: kulia, kali, mita mia, daraja, usikate. Mumewe wakamwita Vumbi. Siku za kazi Vumbi alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, mtu mpole anayeomba radhi hata akikanyagwa yeye. Lakini Jumapili za mashindano, akishavaa kofia ngumu na watu kando ya barabara wakapiga kelele "Vumbi! Vumbi!", alikuwa akirefuka inchi nzima. Mkewe alimpenda akiwa na inchi ile. Ugumu wote ulikaa hapo.

Maana Ramani hakutaka kupanda gari hili tena. Si Jumapili hii, si Jumapili yoyote. Na kwa kanuni za mashindano gari haliondoki na mtu mmoja. Dereva asiye na msomaji anarudishwa nyumbani. Akisema hapandi, Vumbi haendi. Leo ilikuwa Ijumaa, gari lilitakiwa likabidhiwe kwa wakaguzi saa kumi, na saa ya ukutani mle gereji ilisema saa saba na nusu. Alikuwa na saa mbili na nusu za kusema neno moja, na tangu alipofungwa mikanda saa tano na robo alikuwa amelimeza mara sita.

Gereji yenyewe ilikuwa chumba kirefu cha mabati chenye sakafu ambayo fundi aliijivunia kuliko watoto wake. Ilikuwa sawa kiasi kwamba gololi ukiiweka popote inabaki hapo ikikutazama. Fundi aliitwa Timazi. Wenzake mjini walikuwa na mashine za kompyuta zenye taa nyekundu. Yeye alikuwa na kamba mbili nyembamba za nailoni alizozizungushia gari zima kwenye vigingi vya chuma, rula, na timazi la shaba alilolining'iniza mbele ya kila gurudumu ili kupima kemba, yaani namna gurudumu linavyolala, kama kichwa chake kimeingia ndani au kimetoka nje. Gari la kawaida gurudumu lake husimama karibu wima na maisha yanaendelea. Hili la Vumbi lilikuwa limeshushwa springi, likapanuliwa miguu, na magurudumu ya mbele yakalazwa ndani nyuzi mbili na nusu, hata likasimama kama mtu anayejiandaa kupokea gunia.

Timazi alikuwa na sheria moja na hakuivunja kwa mtu: hapimi gari tupu. "Gari tupu ni la kupigia picha," husema. "Lenye watu ndilo la kuendea." Na ni kweli, kwa sababu watu wakiingia springi zinalala, na springi zikilala magurudumu nayo yanabadili mlalo, kwa hiyo ukitaka vipimo vya Jumapili lazima uweke uzito wa Jumapili. Vumbi mwenyewe hakuweza kukaa. Kiti chake alikipandishia mifuko ya mchanga, kilo themanini na moja kamili, ili apate kumfuata fundi nyuma nyuma, akiinama anapoinama, akichungulia anapochungulia. Ramani aliwahi kuuliza kwa nini na yeye asiwekewe mchanga.

"Wewe si upo?" mumewe akamjibu, na kwa kweli alikuwepo.

Hii ilikuwa mara ya nne mwezi huo. Mara zote nne wimbo ulikuwa mmoja.

"Linavuta kushoto," Vumbi alisema, akiwa amepiga goti karibu na gurudumu la mbele.

"Kamba hazisemi hivyo," Timazi alijibu bila kuinua kichwa.

"Kamba haziendeshi. Ninayeendesha ni mimi. Nikilegeza usukani kidogo tu linakwenda kushoto, naanza kushindana nalo."

"Unalegeza, au unadhani umelegeza?"

"Timazi, tumesoma darasa moja, usinifanye mtoto."

"Darasa moja tulisoma, sawa. Kunakili ulikuwa unanakili kwangu."

Wakacheka wote wawili. Ramani alicheka kwa pua tu, kwa sababu akicheka kwa tumbo timazi lingecheza na wangeanza upya. Kijasho kilimtoka kwenye paji la uso, kikapita kwenye nyusi, kikaingia jichoni, na hakuweza kukifuta. Mabati juu yalikuwa yakilia kwa jua. Alitazama mbele, kwenye ukuta wenye tairi zilizoning'inizwa, akazihesabu. Zilikuwa kumi na nane, zilezile za juzi.

Mtu atauliza: mke na mume, nyumba moja, kitanda kimoja, neno linashindikanaje kutoka? Muulizaji huyo hajawahi kukaa na mtu mwema. Mtu mbaya unamwambia ukweli na roho yako inatulia. Mtu anayekuletea maji kabla hujasikia kiu, anayekuuliza "mama, umechoka?" halafu macho yake yanaomba useme hapana, huyo ndiye mgumu. Alijaribu kumwambia wakiwa jikoni, Vumbi akaanza kumsimulia kuhusu breki mpya. Alijaribu kumwambia kitandani, Vumbi akawa ameshalala amemshika mkono. Mara moja alipiga moyo konde kabisa, akasema, "Baba, nina jambo," na Vumbi akageuka na uso wa mtu anayesubiri kupigwa, Ramani akajikuta anasema jambo lenyewe ni mapazia ya chumba cha mtoto. Yeye ni mshona mapazia. Jambo la mapazia haliishi.

Na ajali haikuzungumzwa. Miezi kumi na moja iliyopita, kwenye kona ya kulia aliyoisoma kwa wakati wake na kwa sauti yake yote, Vumbi alichelewa kukata. Gari liligonga karavati kwa ubavu wa kushoto, likabiringika, likalala juu chini. Ramani alining'inia kwenye mikanda kichwa kikiwa chini kwa dakika kumi na nne, petroli ikidondoka mahali asipopaona, akimsikia mumewe nje anavuta mlango uliojikunja na kumwita kwa jina lake halisi, tena na tena, kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kabla wala baadaye. Mbavu mbili zilivunjika, na mfupa wa bega. Tangu hapo Vumbi alikuwa na mzaha wake mbele ya wenzake: "Ramani siku ile niliishika juu chini." Watu wakicheka, Ramani naye alicheka, ameshika mbavu, na si kwa kicheko.

Gari lilijengwa upya. Kila mtu akadhani na yeye amejengwa.

Wiki hii binti yao wa miaka minane, akipaka rangi picha yake mezani, aliuliza bila kuinua macho, "Mkianguka tena nyinyi wote wawili, mimi nitahamia kwa bibi na kitanda changu au kitanda nitakiacha?" Vumbi alikuwepo. Alisema hawataanguka, akainuka, akaenda nje kulitazama gari. Alikaa huko mpaka chakula kikapoa.

"Kamba zimekwisha, kemba imekwisha," Timazi alisema sasa, akijinyoosha mgongo. "Mbele kushoto mbili na nusu, mbele kulia mbili na nusu. Gari limenyooka, mzee. Mimi nifanye nini?"

"Pima tena."

"Nimepima tena. Kilichobaki ni uzito."

"Basi pima uzito."

Timazi alinung'unika kidogo kwa heshima ya mgongo wake, kisha akavuta kutoka chini ya meza mizani zake nne bapa, akapandisha gari kwa jeki, akaziweka moja moja chini ya kila gurudumu. Mara ya mwisho kuzitumia kwa gari hili ilikuwa lilipojengwa mara ya kwanza, kabla ya ajali, na karatasi ya siku hiyo bado ilikuwa imebandikwa ukutani ikiwa na alama ya kidole cha grisi.

"Nifungulieni kidogo," Ramani alisema. "Nataka kujisaidia."

"Dakika moja tu, mama," Vumbi alisema. "Mizani ndiyo kwanza zimetulia. Usitikisike."

Timazi alisoma, akaenda ukutani, akarudi, akasoma tena. Akakuna kidevu.

"Kulia ni sawa na zamani. Kushoto, nikijumlisha mbele na nyuma, kumepungua kilo tisa."

Lo! Ungemwona Vumbi. Aliruka kama aliyetajwa jina kwenye bahati nasibu. "Nilikuambia! Nilikuambia au sikukuambia? Kuna kitu! Mimi si mwendawazimu, kuna kitu kimetoka kushoto!"

Akaanza kuzitafuta kilo tisa. Alifungua boneti akapima betri kwa mikono. Alifungua nyuma akakagua tairi la akiba, akalihesabu boksi la spana, akauliza mtungi wa kuzimia moto ulikuwa unakaa wapi zamani. Timazi akamwambia ulikuwa katikati na bado uko katikati. Akauliza kuhusu bampa. Timazi akasema bampa haina kushoto kwake peke yake. Akalala chali juu ya ubao wenye magurudumu, akajisukuma chini ya gari, na kwa muda kilichoonekana kwake kilikuwa viatu tu, na kilichosikika ni kidole chake kikigonga mabomba.

Juu yake, kwenye kiti, Ramani alikuwa amejua papo hapo. Kilo zile tisa alizifahamu moja moja. Zilianza kuondoka hospitalini, zikaendelea nyumbani, mezani, kila aliposukuma sahani mbele na kusema ameshiba. Hakuna aliyeziona zikiondoka kwa sababu ana cherehani. Kila wiki tatu hivi, nyumba ikiwa tupu, aliingiza magauni yake kwa ndani, mshono wa kidole kimoja kushoto na kidole kimoja kulia, na gauni likaendelea kumkaa kama kawaida. Aliificha hofu yake kwa uzi na sindano, na ajabu ni kwamba aliificha vizuri mno.

Alitaka kusema, "Ni mimi." Maneno mawili tu. Yalifika kooni, yakakuta mikanda.

Timazi alikuja upande wake kukagua kama amekaa wima. Akaingiza mkono dirishani, akaugusa mkanda wa bega ili auvute, na mkono ukasimama. Mkanda wa gari la mbio huwa na chuma kidogo cha kurefusha na kufupisha, na chuma kile kikikaa mahali pamoja kwa muda mrefu huacha alama ya kuchubuka. Alama ilikuwa kwenye mkanda. Chuma chenyewe kilikuwa vidole vinne mbali nayo, mkanda umefupishwa. Akautazama mkanda wa pili: vidole vinne. Akatazama wa nyonga. Kisha akamtazama Ramani usoni, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na huenda kwa mara ya kwanza mwaka huo.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "zamani ulikuwa kilo ngapi?"

"Sitini na tatu."

"Na sasa?"

"Hamsini na nne."

"Toka huko chini, wewe," Timazi alimwambia Vumbi. "Kilo zako nimeziona."

Vumbi alijitokeza, uso mweusi kwa grisi, macho yanang'aa. "Ziko wapi?"

Timazi alionyesha kwa kidevu. Vumbi akachungulia dirishani. Akatazama kiti. "Ni kiti? Tulikibadilisha kiti?"

"Si kiti, mzee."

Hapo ndipo alipomtazama mkewe. Alimtazama shingo, kisha vifundo vya mikono, kisha mikanda. Ramani aliona kitu kikipita machoni mwake, kikali, na alikingoja kwa roho yake yote. Hakikutoka. Vumbi alijipangusa mikono kwenye suruali.

"Basi," alisema upesi, bila kumtazama mtu, "tumwekee mchanga wa kilo tisa mapajani, tuendelee. Saa zinakwenda."

Amenijazia, Ramani alifikiri, ameona pengo akalijazia mchanga.

"Kwangu mchanga hauwekwi juu ya mtu," Timazi alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ama mtu ama mchanga. Mfungulie mkeo mlango."

Vumbi alifungua. Ramani aliminya kile kisosi cha kifungo, mikanda ikamwachia, akatoka miguu imekufa ganzi, akashika paa la gari mpaka damu iliporudi. Hakuna aliyemwambia asitikisike. Alikwenda chooni nyuma ya gereji, akanawa uso kwenye bomba, akakaa pale juu ya ndoo iliyopinduliwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliporudi, mifuko ya mchanga ilikuwa kwenye kiti chake, kilo sitini na tatu, imefungwa mikanda yote mitano. Ilikaa vizuri. Ilikuwa mitulivu kuliko yeye.

Vumbi alikuwa ameshauondoa mchanga wake mwenyewe, ameketi nyuma ya usukani. "Nalijaribu barabarani na uzito wake sahihi," alisema kuelekea kwenye kioo cha mbele. "Sikai." Akaondoka.

Gereji ilikuwa kimya, kamba za nailoni zimelala sakafuni. Timazi alimpa Ramani kiti cha mbao, yeye akakaa juu ya tairi.

"Leo umerekebisha nini?" Ramani aliuliza.

"Sijagusa hata nati."

"Na juzi?"

"Juzi nilifungua nati moja nikaifunga palepale, ili asikie mlio. Shemeji, mimi sina la kurekebisha. Tangu mara ya kwanza gari lile limenyooka. Nilimwambia, akasema kamba zangu zimechoka." Aliokota rula, akaiweka chini tena. "Linalovuta si gari."

Ramani hakuuliza linalovuta ni nini. Alikaa akasikiliza barabara. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilimshangaza, kwa sababu kwa miezi kumi na moja hakuwa na kitu kingine chochote zaidi ya hofu. Alijua sasa atasema. Hakujua tu ataanzaje, na akaamua kwamba hilo nalo ni pazia, litakatwa popote.

Gari lilirudi baada ya robo saa. Liliingia polepole, likasimama, injini ikazimwa. Vumbi hakutoka. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya usukani.

"Enhe?" Timazi alisema. "Linavuta?"

"Halivuti." Alisema kama anayeleta habari ya msiba. "Nimelegeza mikono kabisa. Linakwenda kama rula. Umefanya nini?"

"Uliniona nimeshika spana?"

Vumbi aliutazama mchanga uliokaa kando yake. Mkono wake wa kulia akaushika kwa wa kushoto, akaukandamiza juu ya usukani.

Ramani alisimama. Alikwenda mpaka dirishani kwake. "Jumapili sipandi," alisema. "Wala siku nyingine. Sipandi tena, baba."

Neno lilikuwa limetoka. Alitegemea dunia iinuke upande mmoja. Badala yake aliyaona mabega ya mumewe yakishuka, taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na kabla hajamaliza kustaajabu, Vumbi akasema upesi, upesi mno, "Basi, mama. Basi. Nitawaambia wenzangu mke wangu amekataa."

Jibu lile la Vumbi lilikuja likiwa limeshakunjwa vizuri, limekaa mfukoni siku nyingi likingoja kutolewa.

"Rudia," alisema.

"Nitawaambia..."

"Ulikuwa unangoja nikatae."

Vumbi alifumba macho.

"Nijibu. Mara nne umenileta hapa, umenifunga kwenye kiti hiki saa mbili, saa tatu, ukisema gari, gari, gari. Ulikuwa unangoja nikatae?"

"Nikikaa na wewe mkono huu unavuta wenyewe," alisema, akiutazama mkono wake wa kulia kama ni wa mtu mwingine. "Kila nikikuona kando yangu naliona karavati. Nauvuta usukani kulia, gari linataka kunyooka, najiambia linavuta kushoto. Naukataza mkono, haukubali. Nikasema labda ni gari. Niliomba Mungu liwe gari." Akaushusha mkono mapajani. "Nikikataa mimi watasema Vumbi ameogopa. Ukikataa wewe watasema mke wake kamzuia, basi, yamekwisha, watu wanacheka kidogo na mimi naagiza soda. Nilidhani ukikaa humo vya kutosha utachoka, utasema."

"Miezi kumi na moja."

"Ndiyo."

"Nimepungua kilo tisa nikingoja wewe uone, na wewe unangoja mimi niseme ili upate pa kujifichia."

"Nilikuwa naona," Vumbi alisema, na sasa alikuwa analia, mtu mzima, machozi yakichora njia kwenye grisi. "Sahani nilikuwa naziona. Nilikuwa nazitoa mezani mimi mwenyewe, ili mtoto asione umebakisha. Nikiuliza ningelazimika kujua ni kwa nini."

Mke mwingine pengine angemkumbatia. Ramani alitamani kumpiga kibao, cha kweli, chenye sauti. Alimpenda na alitamani kumpiga, yote mawili kwa nguvu moja, na hakufanya hata moja. Timazi alikuwa amegeuka anapanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Piga simu," Ramani alisema. "Kwa katibu. Sasa hivi."

"Ongea naye wewe, mama, mimi sauti haiko sawa."

"La. Langu nimeshasema. Hilo ni lako."

"Mwambie tu kwamba wewe..."

"Mimi simo kwenye simu hiyo."

Vumbi alitazama saa ya ukutani, kumi kasoro dakika ishirini. Alitoa simu kwa vidole viwili, ikamteleza kwa grisi, akaiweka juu ya dashibodi na kuifungulia sauti. Katibu wa mashindano alipokea kwa kelele za mtu aliyezungukwa na magari.

"Vumbi! Mko wapi? Wakaguzi wanakungoja."

"Gari namba kumi na saba," Vumbi alisema. "Hatuji. Futa majina yote mawili."

"Acha utani! Gari limekufa?"

"Gari ni zima."

"Au mama anaumwa? Sema tu, ndugu yangu, mambo ya nyumbani tunaelewa, niandike udhuru wa mke."

Vumbi aliinua macho. Ramani alikuwa amesimama palepale dirishani. Vumbi alikuwa ameonyeshwa njia ya kutokea, pana, tena na katibu mwenyewe, na mkewe hakumsaidia kwa kichwa wala kwa jicho.

"Mke wangu hahusiki," alisema. "Ni mimi. Naogopa kuendesha."

Katibu akakohoa, akauliza kama hilo ndilo la kuandika kwenye fomu, na Vumbi akasema ndiyo, aandike hivyo hivyo.